Dakika Kumi za Kwanza: Kuandaa Kazini na Mtaani kwa Moyo Unaosimama Ghafla

Moyo wa mtu ukisimama saa kumi na moja jioni ndani ya ghala kando ya Barabara ya Nyerere, gari la wagonjwa linalotoka mjini litakutana na foleni ya Tazara kama magari mengine. Kila dakika inayopita bila kifua kukandamizwa na bila mashine ya kushtua moyo hupunguza nafasi ya kupona kwa asilimia 7 hadi 10, na ubongo huanza kuharibika ndani ya dakika 4 hadi 6. Ukishapiga hesabu hiyo, mpango wa dharura unaosema "tutapiga simu, watakuja" haufai Dar es Salaam. Unaofaa ni ule unaotegemea watu ambao tayari wapo pale: mlinzi wa getini, mhudumu wa mapokezi, msimamizi wa zamu, mama lishe, dereva wa bodaboda wa kijiwe cha jirani. Wengi hukimbilia kununua mashine kwanza. Mashine ifuate watu.

Kutambua ndani ya sekunde kumi

Shambulio la moyo na moyo kusimama ni mambo mawili. Katika shambulio la moyo, mshipa unaolisha misuli ya moyo umeziba; mtu yuko macho, anashika kifua, anatoka jasho jembamba, anaweza kuongea. Huyo anahitaji hospitali haraka, lakini hakandamizwi kifua. Moyo kusimama ghafla kwa kawaida ni hitilafu ya mfumo wa umeme wa moyo: badala ya kupiga, unatetemeka tu na hausukumi damu. Mtu anaanguka na kupoteza fahamu ndani ya sekunde chache. La kwanza linaweza kuzaa la pili, ndiyo maana mwenye maumivu ya kifua haachwi peke yake na harudishwi nyumbani kwa miguu.

Maswali ni mawili tu. Mtikise mabega, mwite kwa sauti: anaitika? Mtazame kifua na mdomo kwa muda usiozidi sekunde 10: anapumua kawaida? Kama jibu ni hapana na hapana, anza. Usitafute mapigo shingoni. Hata wauguzi wenye uzoefu hukosea, na raia wa kawaida hupoteza nusu dakika akipapasa.

Hapa ndipo watu wengi hupotea. Karibu nusu ya walioanguka hivi huendelea kutoa mhemo wa ajabu kwa dakika chache: mdomo unafunguka, sauti ya kukoroma inatoka, kisha kimya kirefu, kisha tena, kama samaki aliyetupwa mchangani pale Feri. Huko si kupumua. Wengine hutetemeka mwili mzima kwa sekunde kadhaa mara tu wanapoanguka, na umati unasema "kifafa". Ndipo yanapoanza mambo yetu ya siku zote: maji usoni, sukari chini ya ulimi, kijiko katikati ya meno, kitunguu puani, kumkalisha kwenye kiti apepewe. Presha, sukari imeshuka, kifafa, mapepo: hizi ndizo tafsiri nne zinazokula muda. Ziandikwe kwenye bango la mafunzo kwa majina yake hayo hayo, kwa sababu ndizo zitakazosemwa siku hiyo.

Ukikosea, yaani moyo ulikuwa unapiga, mtu ataisukuma mikono yako au atalalamika. Madhara ni madogo. Kosa linaloua ni kusubiri.

Mikono

Mlaze chali juu ya sakafu ngumu. Godoro na sofa hunywa nguvu yako. Kama yuko kwenye kiti cha daladala au cha ofisini, mshushe chini; njia ya katikati ya basi inatosha.

Piga magoti ubavuni. Weka sehemu ngumu ya chini ya kiganja kwenye nusu ya chini ya kidari, mfupa ule wa katikati ya kifua, kisha mkono wa pili juu yake. Nyoosha viwiko, mabega yawe juu ya mikono, tumia uzito wa mwili. Kwa mtu mzima, kifua kishuke sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Baada ya kila mkandamizo kiache kipande kabisa. Ukiegemea kifua, moyo haujai damu na unachosukuma ni kidogo. Mbavu zinaweza kulia au kuvunjika, hasa kwa wazee. Sahihisha mahali pa mikono, endelea.

Mwendo ndio unaowashinda wengi, na kwetu kuna sababu ya ziada. Ukihesabu kwa Kiswahili hadi thelathini, ukifika "kumi na saba" na "ishirini na nane" maneno yanarefuka na mikono inapunguza kasi bila wewe kujua. Hesabu moja hadi kumi mara tatu. Au weka programu ya metronomu kwenye simu kwa mapigo 110 na umkabidhi mtu aishike karibu na sikio lako. Wakati wa mazoezi, washiriki wasikie mapigo hayo mpaka yawakae mwilini.

Badilishaneni kila dakika 2, hata kama anayekandamiza anasema bado ana nguvu. Kina cha mkandamizo hushuka kabla mtu hajajihisi amechoka, na katika joto la Dar la Desemba hadi Machi hushuka mapema zaidi. Anayepokea awe ameshapiga magoti upande wa pili. Kupokezana kusizidi sekunde 5. Kusimama kokote, kwa sababu yoyote, kusizidi 10.

Kuhusu pumzi: aliyefunzwa na aliye tayari atoe mikandamizo 30 kisha pumzi 2, kila pumzi ya sekunde moja, kiasi cha kuona kifua kikiinuka. Ambaye hajafunzwa, au hayuko tayari kugusana midomo na asiyemfahamu, akandamize tu bila kukoma. Kwa mtu mzima aliyeanguka ghafla inatosha kwa dakika za mwanzo, kwa kuwa damu yake bado ina hewa. Kwa mtoto na kwa aliyezama majini haitoshi; wao walikosa hewa kwanza. Kwa aliyetolewa baharini Kunduchi au Coco Beach anza na pumzi 5, kisha 30 kwa 2. Usimning'inize kichwa chini wala kumbinya tumbo ili maji yatoke: unamtapisha, na matapishi yanaingia mapafuni.

Mtoto hukandamizwa theluthi ya unene wa kifua, takriban sentimita 5, kwa mkono mmoja au miwili kulingana na mwili wake. Mtoto mchanga hukandamizwa takriban sentimita 4 kwa vidole gumba viwili, mikono ikiwa imekizunguka kifua. Mjamzito ambaye tumbo limefika kitovuni au juu yake hukandamizwa mahali palepale kama mtu mwingine, ila msaidizi alivute tumbo kuelekea kushoto kwa mikono muda wote, kwa sababu mfuko wa uzazi unaubana mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo.

Neno kuhusu karakana na gereji. Umeme wa kawaida wa volti 230 unatosha kabisa kuutia moyo mtetemo. Anayemkimbilia fundi aliyenaswa naye hunaswa. Zima swichi kuu kwanza, na kila mtu kwenye karakana ajue ilipo na afikie bila kuhamisha mashine ya kulehemu iliyoegeshwa mbele yake. Nyaya kubwa za nguzoni hazikaribiwi mpaka TANESCO wakate.

Nani anafanya nini

Ukimwacha kila mtu afanye anachoona kinafaa, watu ishirini watasimama duara na simu zao juu. Gawa kazi nne mapema, zikiwa na jina la nafasi na si la mtu, kwa sababu watu huenda likizo:

1. Wa mikono: yeyote aliye karibu zaidi. Anaanza papo hapo, hasubiri ruhusa ya bosi.
2. Wa simu: anapiga akiwa pale pale kwa mgonjwa, spika ikiwa wazi. Anayekimbilia nje kupiga simu hawezi kujibu "anapumua?".
3. Wa mashine: aliye karibu na mashine anaileta, badala ya mtu kutoka kwa mgonjwa kuifuata na kurudi. Safari inakuwa ya upande mmoja.
4. Wa njia: anafungua geti, anaondoa kizuizi, anahamisha magari yaliyoziba, anashikilia lifti, anatawanya watu.

Kazi ya nne hudharauliwa, kisha gari la wagonjwa linakaa getini likiandikishwa kwenye daftari la wageni. Andika kwenye maelekezo ya walinzi kwamba gari la wagonjwa na la zimamoto haliandikishwi wala halikaguliwi.

Kwa nini tunamtaja sana mlinzi? Mwaka 2000 ulichapishwa utafiti wa kasino za Marekani, mahali ambapo walinzi wa kawaida, si wauguzi, walifundishwa kukandamiza kifua na kutumia mashine. Kwa wale walioanguka mbele ya watu na moyo wao ukiwa katika mtetemo, asilimia 74 ya walioshtuliwa ndani ya dakika 3 walitoka hospitali wakiwa hai. Baada ya dakika 3 ilikuwa asilimia 49. Kasino zina kamera na walinzi kila kona, kwa hiyo usitegemee takwimu hizo ghalani kwako. Lakini somo lake linahamishika: Dar es Salaam karibu kila jengo, benki, shule na ghala lina mlinzi saa 24. Ndiye pekee aliyepo saa tisa usiku na siku ya Idi.

Tatizo ni kwamba walinzi wengi ni wa kampuni za nje na huhamishwa mara kwa mara. Ukifunza wanne leo, baada ya miezi michache unaweza kubaki na mmoja. Dawa yake iko kwenye mkataba: andika kwamba kila mlinzi anayeletwa lindoni kwenu awe na mafunzo ya kukandamiza kifua, na kwamba mpya aonyeshwe mashine ilipo katika zamu yake ya kwanza, kabla ya kuonyeshwa daftari.

Mafunzo

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, inamtaka mwajiri aandae huduma ya kwanza. Tumia bajeti hiyo hiyo. OSHA na Chama cha Msalaba Mwekundu Tanzania hutoa mafunzo ya huduma ya kwanza. Kabla ya kulipa, muulize mkufunzi maswali matatu: analeta midoli mingapi ya kukandamizia, kila mshiriki atakandamiza kwa dakika ngapi, na anayo mashine ya mazoezi? Mdoli mmoja kwa watu 40 ni mhadhara, hata kama mwisho wake mtapewa vyeti. Lenga mdoli mmoja kwa watu 4 hadi 6, na kila mtu akandamize dakika 2 kamili angalau mara mbili. Mdoli unaotoa mlio kina kinapofikiwa una thamani kubwa kuliko picha za ukutani. Mto mgumu au kipande cha godoro hufundisha mwendo, lakini haufundishi kina.

Ujuzi huu hufifia ndani ya miezi, si miaka. Badala ya semina ya siku nzima kila baada ya miaka miwili, fanyeni dakika 15 kila miezi mitatu hadi sita, kabla ya zamu kuanza. Hesabu kwa zamu: kila zamu, kila ghorofa, wawe wawili angalau, maana mmoja huchoka ndani ya dakika 2.

Jambo la aibu lizungumzwe darasani, lisiachwe likakutwe sakafuni. Tafiti za nchi nyingine zinaonyesha wanawake walioanguka hadharani husaidiwa kidogo kuliko wanaume, kwa sababu wasaidizi wanaogopa kugusa kifua. Hapa kwetu hofu hiyo huenda ikawa kubwa zaidi. Weka kanga mbili au tatu kwenye mfuko wa dharura. Wanawake waliopo washike pembe zake wafanye pazia, kazi iendelee ndani. Kukandamiza hakuhitaji kumvua nguo. Mashine ndiyo inayohitaji ngozi: buibui au gauni likatwe katikati kwa mbele kwa mkasi, sidiria ikatwe, mtandio wa kichwani ubaki.

Na hofu ya polisi. Wapo wanaoamini mgonjwa haguswi mpaka PF3 itoke. PF3 ni fomu ya aliyejeruhiwa. Haihusiani na kukandamiza kifua cha mtu aliyeanguka mwenyewe, na hata kwa aliyeumia hakuna fomu inayotangulia kuokoa uhai.

Mashine: kununua na kuweka

Mikandamizo inasukuma damu kidogo kwenda kwenye ubongo na kununua muda. Mtetemo wenyewe husimamishwa na mshtuko wa umeme. Mashine inayotumiwa na raia, AED, hupima yenyewe mapigo na hukataa kushtua moyo usiohitaji kushtuliwa. Huwezi kumuua mtu kwa kubonyeza kitufe vibaya.

Wakati wa kununua angalia haya. Imesajiliwa na TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba? Wakala ana pedi na betri dukani hapa nchini, au huagizwa baada ya kulipwa? Pedi huisha muda baada ya takriban miaka 2 kwa sababu gundi yake hukauka. Betri hudumu takriban miaka 4 hadi 5 ikiwa haijatumika. Mashine isiyo na pedi hai ni pambo, kwa hiyo bei ya kulinganisha ni ya miaka minane pamoja na vipuri, si ya siku ya kununua. Kiwango cha kinga dhidi ya vumbi na maji kiwe IP55 kama itakaa bandarini, kiwandani au uwanjani. Iwe na njia ya kupunguza nguvu kwa mtoto wa chini ya miaka 8 au kilo 25. Sauti yake ni ya lugha gani? Ikiwa ni Kiingereza, washiriki waisikie sauti yenyewe mara nyingi darasani, na ndani ya kifuniko bandika kadi ya Kiswahili yenye mistari mitano: washa, bandika pedi, usimguse, bonyeza kitufe kinachowaka, endelea kukandamiza.

Lengo ni mshtuko wa kwanza ndani ya dakika 3. Anayetembea haraka huenda kama mita 1.5 kwa sekunde. Katika sekunde 90 anafika mita 135, na sekunde 90 nyingine ni za kurudi. Piga hatua hizo kwenye eneo lako, usikadirie kwa macho. Kwenye majengo marefu ya Posta na Kivukoni pima kwa ngazi, maana umeme ukikatika lifti husimama mpaka jenereta liitike. Mashine moja ya chini haiwezi kuhudumia ghorofa ya kumi na tano.

Makosa ya kuweka tunayaona yakijirudia. Kabati limefungwa kwa kufuli na ufunguo uko kwenye droo ya ofisa utawala aliyeondoka saa kumi. Kama hofu ni wizi, tumia kabati lenye king'ora au liweke mbele ya macho ya mlinzi, bila kufuli. Kosa la pili ni kibanda cha bati: mashine nyingi huruhusiwa hadi nyuzi 50 za joto, na kibanda cha mlinzi chini ya jua la Februari, au buti ya gari, hupita hapo, pedi hukauka kabla ya tarehe yake. La tatu ni kuipeleka chumba cha huduma ya kwanza kinachofungwa saa za kazi zikiisha.

Kwenye mfuko wake tia mkasi imara wa kukatia nguo, wembe wa kunyolea, taulo kavu mbili, glavu, barakoa ya kupulizia pumzi, pedi za akiba na kanga. Taulo ni muhimu hapa kuliko nchi za baridi: mtu aliyeanguka Kariakoo saa nane mchana kifua chake kimelowa jasho, na pedi haishiki kwenye jasho.

Mtu mmoja kwa kila zamu atazame taa ya mashine. Kijani maana yake imejipima na iko tayari. Nyekundu au mlio, mpigie wakala siku hiyo hiyo. Mara moja kwa mwezi soma tarehe za pedi na betri, andika kwenye karatasi iliyo ukutani, si kwenye kompyuta ya mtu.

Mashine: kutumia

Mwenzako aendelee kukandamiza wakati wewe unaiwasha. Funua kifua. Kausha. Kama nywele ni nyingi mahali pa pedi, nyoa haraka kwa mikwaruzo michache. Bandua kibandiko chochote cha dawa. Ukiona uvimbe mgumu chini ya ngozi, huenda ni kifaa cha kuratibu mapigo; weka pedi mbali nacho kama sentimita 8.

Pedi moja chini ya mtulinga wa kulia, nyingine ubavuni kushoto chini ya kwapa. Hii ya pili ndiyo hukosewa: watu huiweka mbele mno, chini ya ziwa, na umeme haupiti vizuri katikati ya moyo. Isogeze kweli kweli ubavuni. Kwa mtoto mdogo, moja mbele katikati ya kifua na moja mgongoni, zisigusane.

Mashine ikisema inapima, hakuna anayemgusa. Ikiamuru kushtua, tazama kichwa hadi miguu, sema kwa sauti "Ondokeni, msimguse!", bonyeza. Mara baada ya mshtuko rudi kwenye mikandamizo bila kusubiri kuona kama ameamka. Kusubiri huko ni kosa la kawaida kabisa. Baada ya dakika 2 mashine itapima tena. Ikisema mshtuko hauhitajiki, si kwamba amepona. Endelea mpaka apumue kawaida au ajisogeze.

Sakafu ya bati si tatizo, alimradi pedi hazigusi chuma. Dimbwi la maji ni tatizo. Wakati wa masika mvute kwanza hadi pakavu.

Simu na usafiri

Namba 112 ni ya polisi na dharura, 114 ni ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Namba 115 inafahamika kwa m-mama, usafiri wa dharura wa wajawazito na watoto wachanga. Zaidi ya hizo, kila eneo liwe na namba tatu za magari ya wagonjwa zilizojaribiwa: ya hospitali iliyo karibu, ya huduma binafsi na ya akiba. Kujaribu maana yake ni kupiga saa tano asubuhi, saa kumi na mbili jioni na saa nane usiku, na kuuliza: gari linatokea wapi, lina mashine ya kushtua moyo, linadai malipo kabla ya kuondoka? Kama linadai, andaa utaratibu wa malipo sasa. Rudia kila baada ya miezi mitatu.

Andika maelekezo ya njia kwenye kadi moja iliyobandikwa karibu na kila simu: namba ya nyumba na jina la barabara kwa mujibu wa anwani za makazi, kisha alama ambayo kila dereva anaijua. Mtume bodaboda hadi barabara kuu akaliongoze gari. Katika vichochoro vya Tandale au Mbagala, hatua hiyo peke yake huokoa dakika kadhaa.

Swali gumu: tusubiri au tumpakie? Msimamo wetu ni huu. Dakika za kwanza ni za hapo alipoangukia, na kama mashine inakuja, hakuna kumhamisha mpaka imepima na kushtua. Bajaji haikandamizi mtu. Ukimpakia humo umeacha kumhudumia. Kama hakuna mashine na simu imethibitisha kwamba hakuna gari la karibu, tayarisha kirikuu au Noah iliyokunjwa viti, yenye nafasi ya mtu kulala na wawili kupiga magoti. Mikandamizo iendelee mpaka gari limefunguliwa na liko tayari, isimame sekunde chache tu za kumbeba, iendelee njiani. Dereva aende kwa mwendo wa utulivu. Kona kali zinamwangusha anayekandamiza. Pigeni simu mbele, na mjue mapema hospitali ipi ya karibu yenu ina idara ya dharura inayofanya kazi usiku. Muhimbili ilifungua idara yake ya dharura mwaka 2010, na Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete iko kwenye eneo hilo hilo la Upanga. Lakini aliyeanguka Gongo la Mboto asipitishwe hospitali yenye uwezo kwa sababu tu jina la Upanga ni kubwa.

Mtaani, viwanjani, kwenye ibada

Wengi hupatwa na hili wakiwa nyumbani, mbele ya mke, mume au mtoto. Mtaani basi lengo si mashine nyingi, ni mikono mingi. Mwenyekiti wa mtaa, mabalozi na wahudumu wa afya ngazi ya jamii waandae mafunzo ya saa mbili baada ya mkutano wa mtaa. Tengenezeni kundi la WhatsApp la waliofunzwa tu, lisilo na salamu wala matangazo ya misiba, ili likilia watu waamke. Mashine ya benki, hoteli au kituo cha mafuta kilicho wazi usiku inaweza kuwa ya mtaa mzima. Nendeni mkaombe kwa barua, mkubaliane nani anaichukua na nani anabadilisha pedi ikitumika.

Uwanjani kanuni ni moja: mchezaji akianguka bila kugongwa na mtu na haitiki, chukulia moyo umesimama mpaka ithibitike vingine. Marc-Vivien Foé wa Kamerun alianguka hivyo Lyon mwaka 2003 na akafariki. Christian Eriksen alianguka Copenhagen mwaka 2021, akakandamizwa kifua na kushtuliwa pale pale uwanjani, na mwaka uliofuata alirudi kucheza. Mabonanza ya maveterani na klabu za joging za Jumapili ni mahali pa kuanzia, kwa sababu wapo watu wa miaka hamsini wanaokimbia kwa ushindani baada ya wiki nzima ya kukaa. Aliyewahi kuzimia akikimbia, au ambaye ndugu yake wa damu alifariki ghafla akiwa kijana, akapimwe moyo kabla ya kuendelea.

Msikitini na kanisani, wafundisheni wale wanaopanga safu na viti. Ndio wanaoujua mlango wa pembeni na mwenye kipaza sauti.

Zoezi la kushtukiza

Lalisha mdoli chooni, ghalani au kantini bila taarifa, uanze saa ya kusimamisha. Andika muda wa mkandamizo wa kwanza, muda wa mashine kufika, muda wa pedi kubandikwa. Lenga dakika 1 kwa la kwanza na 3 kwa mashine. Fanya mara moja usiku na mara moja wakati wa chakula cha mchana. Zoezi la kwanza kwa kawaida hufeli mahali pa kijinga: mlango wa kadi, redio koli isiyo na chaji, mtu anayesubiri meneja aseme. Rekebisha hilo moja, rudia mwezi unaofuata.

Baada ya tukio

Akianza kupumua kawaida, mlaze ubavu, acha pedi zikiwa zimebandikwa na mashine ikiwa imewashwa. Moyo unaweza kusimama tena njiani. Mpe mhudumu wa hospitali mambo manne yaliyoandikwa: saa aliyoanguka, saa mikandamizo ilipoanza, idadi ya mishtuko, dawa anazotumia kama mnazijua. Mashine huhifadhi kumbukumbu ya mapigo. Mwambie wakala aitoe na kuipeleka kwa daktari kabla haijafutwa.

Siku hiyo hiyo badilisha pedi, jaza mfuko, angalia betri. Waliokandamiza wapewe muda wa kukaa na kuongea na mtu anayejua, hata mlinzi wa kampuni ya nje, na asirudishwe lindoni usiku huo. Mara nyingi mtu hufa licha ya kila kitu kufanywa sawa, na aliyekandamiza anahitaji kuambiwa hivyo na daktari, mapema, kabla watu wa mtaani hawajamwambia vingine.